504 ya kukimbiza mita 402: saluni au stesheni wagoni?

Mpiga Spana Sakina:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Gereji yetu hapa Unga Limited haina amani tangu Jumamosi. Marehemu babu aliacha Peugeot 504 mbili, moja saluni, nyingine stesheni wagoni ya siti saba iliyokuwa ikibeba abiria Arusha–Moshi. Injini nzima ni moja tu, ile ya 1971 cc ya kabureta. Kuna jamaa upande wa Kisongo ana shamba lenye njia ndefu iliyonyooka, yuko tayari kutufungia geti tukimbize robo maili, yaani hizo mita 402, kama Wamarekani wa zamani.

Mwenzangu anasema bodi ni bati tu, injini ndiyo kila kitu. Mimi nakataa, ila sina hoja. Mbona kwenye picha za miaka ya 1960 magari yao yameinuliwa pua, mengine tairi za nyuma zimesogezwa hadi karibu na mlango? Na stesheni wagoni zimo! Nifunge injini kwenye bodi ipi?

Chuma Chakavu:
Saluni. Wagoni ni ya ndizi na misiba.

Fundi Mzee Majengo:
Marahaba kijana. Mimi niko Moshi, nimefungua 504 nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo.

Tazama bodaboda anayeshuka na mikungu ya ndizi kutoka Kibosho. Mzigo ukifungwa nyuma sana, akivuta mafuta tu tairi la mbele linaelea. Gari nalo likiondoka linalalia nyuma, na tairi la nyuma linashika chini zaidi. Wamarekani walikuwa na injini za lita 7 na tairi nyembamba. Nguvu iliishia kwenye moshi. Ndiyo maana walihangaika na bodi. Waliinua pua ili uzito ukae juu na kurudi nyuma kirahisi. Mwaka 1965 Chrysler walisogeza ekseli ya nyuma mbele kwa sentimita 38 na ya mbele kwa 25, bodi ikawa imeilalia ekseli ya nyuma. Magari yakaonekana vituko, na jina la "funny car", yaani gari la kuchekesha, likatokana na vituko hivyo.

Wagoni ni habari nyingine. Kwenye madaraja ya magari ya kiwandani walipanga kwa uzito ukigawanywa kwa nguvu ya injini. Ukiwa mzito, unashindana na wazito wenzako, kwa hiyo bati la ziada halikuadhibu, tena limekaa juu ya tairi za nyuma. Asiyebanwa hivyo alitafuta wepesi: Ford Thunderbolt ya 1964 ilitumia bodi ya Fairlane ya milango miwili yenye nguzo katikati, boneti na mabawa ya mbele vya faiba. Nguzo ile hufanya bodi isijipinde. Gari la kufunua paa linahitaji vyuma vya kulikaza chini, uzito juu ya uzito.

Sasa njoo kwako. Tuseme gari lina kilo 1,200, kitovu cha uzito kiko sentimita 55 kutoka chini, na unaondoka kwa asilimia 30 ya mvuto wa dunia. Saluni, yenye mita 2.74 kati ya ekseli, inahamishia nyuma kilo 72. Wagoni ina mita 2.90, kwa uzito uleule inahamisha 68. Kilo nne! Ukiinua gari zima sentimita 10 unapata kilo 13, mfuko wa unga wa kwenda nao nyumbani, halafu upepo unakuingia chini ukikaribia mwisho. Chukua saluni, na kwa injini yako usiguse springi.

Ila hujasema: njia ya Kisongo ni lami au changarawe?

Mpiga Spana Sakina:
Changarawe mzee, tena ina mawimbi.

Fundi Mzee Majengo:
Aah! Hapo tairi litateleza hata kwa nguvu ndogo. Bado saluni, na sasa nina sababu ya pili. Kama ni ile ambayo kila tairi la nyuma linacheza peke yake, itafuata mawimbi. Wagoni ina ekseli moja nzima, tairi moja likiruka linamsumbua mwenzake.

Betri ihamie kwenye buti, ndani ya sanduku lililofungwa kwa bolti, waya mnene wenye fyuzi. Wamarekani walifanya hivyohivyo. Toa bampa ya mbele, siti ya nyuma iache kwanza. Na huko mko kama mita 1,400 juu ya bahari, injini imeshapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu. Kabla ya kukata bati angalia jeti za kabureta, vile vitundu vya kupimia petroli.

Mpiga Spana Sakina:
Asante mzee. Kwa hiyo kwenye ubishi nimeshinda?

Fundi Mzee Majengo:
Kwa nguvu ulizonazo, mwenzako amekuzidi kidogo. Tafuta mzani wa mazao, pima ekseli ya mbele, kisha ya nyuma, kabla na baada ya kuhamisha betri. Niletee namba.

Chuma Chakavu:
Wagoni ibebe spana.