Hita ya gesi ya kwenye dakti inakata moto yenyewe, shida ni hewa?

Mwana_Tanga_CO
Habari zenu wakuu. Niko Denver, kuna ukumbi tunautumia kwa shughuli za jumuiya, una hita ya gesi ile inayokaa katikati ya dakti (njia ya bati ya kupitishia hewa), yenyewe haina feni, feni kubwa iko nyuma yake inasukuma hewa. Sasa baridi imeanza, ukiiwasha inatoa joto zuri dakika chache tu moto unakata, feni inaendelea, baadae inawaka tena, ndo hivyo hivyo usiku kucha. Waliokaa mbele wanavuja jasho, wa nyuma makoti hawavui. Dakti ilibadilishwa majira ya joto, fundi kaweka dakti nyembamba kuliko ya zamani na kona moja kali kabisa kabla tu hewa haijaingia kwenye hita. Jamaa mmoja anasema niruke limiti (swichi inayokata moto joto likizidi) kwa waya isikate tena. Naombeni ushauri, humo tunakaa na watoto na wazee.

FundiBati
Kaka huo waya usiuguse kabisa!! Limiti inakata kwa sababu eksichenja (lile bati ambalo moto na moshi hupita ndani, hewa yenu nje yake) imechemka kupita kiasi, na imechemka kwa sababu hewa haipiti ya kutosha kuliondoa lile joto. Ukiiruka moto utaendelea kuwaka, bati la eksichenja litapasuka siku moja, na moshi wenye kaboni monoksaidi unaingia kwenye hewa ileile mnayovuta. Gesi hiyo ya sumu haina harufu. Kama hamna kengele ya kaboni monoksaidi humo nunueni leo, na mpaka hita ikaguliwe usiiwashe.

Mi naishuku hiyo kona. Hita za namna hii zinataka hewa ifike imetandaa sawa uso mzima, sasa ikitoka kwenye kona kali inakimbilia upande wa nje wote, nusu ya eksichenja inapata upepo na nusu inaungua. Unaweza kuwa na feni kubwa tu na bado limiti ikakata. Dawa yake ni kuweka mapezi ya kugeuzia hewa ndani ya kona, au bora zaidi kuisogeza ili pawe na kipande kilichonyooka kabla ya hita, urefu wake umeandikwa kwenye kitabu cha mashine. Bati likibadilika ukubwa lipanuke taratibu, sio ghafla. Na mwambie fundi aache mlango wa kuchungulia pande zote mbili za hita, bila huo hakuna atakayeijua hali ya eksichenja.

Hakikisha pia feni kweli inasukuma. Hita ikikaa upande wa kuvuta, tundu dogo tu kwenye eksichenja linanyonya moshi.

Mama_Hewa
Nakubaliana na FundiBati ila kwanza pimeni. Joto la hewa inayoingia na inayotoka, kipimo kikae mbali kidogo mahali kisipoona eksichenja moja kwa moja la sivyo kitadanganya. Tofauti yake linganisha na kibao cha kiwandani, ikizidi kiwango cha juu basi hewa ni ndogo.

Hesabu ni BTU (kipimo cha joto) zinazotoka kwa saa, gawanya kwa 1.08 mara tofauti ya joto (Fahrenheit), unapata CFM, yaani futi za ujazo za hewa kwa dakika. Lakini 1.08 ni ya usawa wa bahari! Denver mko futi 5,280, hewa nyepesi, tumia kama 0.89. Na gesi yenyewe inapunguzwa, kama kiwanda hakijasema vingine ni asilimia 4 kila futi 1,000, kwenu kama 21. Tuseme hita ni ya BTU 200,000 kwa saa, kwenu inabaki 158,000, kwa ufanisi wa asilimia 80 zinatoka kama 126,000, ukitaka tofauti ya 60 unahitaji karibu CFM 2,360. Kama haikupunguzwa na bati limebanwa, lazima ichemke. Kazi ya gesi hiyo mpe mwenye leseni.

Mwana_Tanga_CO
Asanteni sana, nimeizima na kengele tumenunua. Dada Mama_Hewa hapo kwenye maungio naona kaziba kwa ile tepu ya kijivu ya kitambaa, inafaa? Na nikifunga grili za mbele si hewa itaenda nyuma?

Mama_Hewa
Tepu hiyo itoe. Maabara ya Lawrence Berkeley waliijaribu 1998 kwenye maungio ya dakti, kwa joto ikaachia vibaya. Paka mastiki (gundi nzito ya kuzibia maungio), au tepu ya foili yenye alama ya UL 181 (kiwango cha vifaa vya dakti). Kuna coil ya AC (sehemu inayopoza hewa) kabla ya hita? Kama ipo muulize fundi kuhusu dreni na eksichenja ya stenlesi, maana kiangazi unyevu unageuka maji kwenye bati baridi na kutu inaanza.

Grili za mbele usizifunge sasa hivi, utaikaba feni na hewa yote itapungua. Rekebisha kona na bati kwanza, badilisha filta, fungua za nyuma zote mpaka mwisho, ndio uanze kuzibana za mbele kidogo kidogo huku unapima tofauti ya joto kila mara.

FundiBati
Na mkimaliza mwambie fundi azime feni makusudi mbele yako. Valvu ya gesi isifunguke kabisa feni ikiwa imesimama, kuna swichi ya kuhisi hewa kwa kazi hiyo. Ikifunguka msimlipe.