Nyie wakaguzi wa hip hop, nani aliwakabidhi ufunguo?

Wakuu, nimekaa na hili tangu Jumamosi na bado damu inachemka.

Nilimpeleka mdogo wangu wa kike kwenye duara la kuchana, pale watu wanapokusanyika kurap kwa zamu. Ana miaka 17, anaandika mistari tangu ana 13. Daftari lake limejaa mpaka kwenye pambizo, maneno yamekatwa kwa kalamu nyekundu na juu yake yameandikwa mengine. Alikuwa amekariri beti mbili. Akaingia katikati, akachana ule wa kwanza, vichwa vikaanza kutikisika. Hajavuta hata pumzi aingie wa pili, jamaa mmoja wa rika langu akainua mkono, biti ikakatwa.

"Dogo, wewe unasikiliza nani?"

Akataja wasanii anaowapenda, mmoja wao anaimba kuliko anavyochana. Basi, ikawa kesi. Taja albamu tano za miaka ya 90. Biti za ile albamu alitengeneza nani? Ilitoka mwaka gani? Akajibu mbili, ya tatu akakwama, watu wakaangua kicheko. Akaambiwa, "Kasome kwanza ndiyo uje." Nilimwona akilikunja lile daftari na kulisukuma chini kabisa ya begi, chini ya sweta.

Na dakika chache baadaye akaingia kijana wa kiume wa umri uleule, mistari ya kuungaunga, vina vinapishana na biti. Hakuulizwa chochote. Alipigiwa makofi.

Sasa, kwa kuwa historia mnaitumia kama rungu, tuiongee. Ile pati ya Agosti 11, 1973 kule Sedgwick Avenue, Bronx, New York, inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop, iliandaliwa na binti, Cindy Campbell, akitafuta hela ya nguo za shule. Kaka yake, DJ Kool Herc, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, ndiye aliyesimama kwenye sahani mbili za kupigia santuri. Wimbo wa kwanza wa rap kuvuma duniani, Rapper's Delight wa 1979, umekaa juu ya mdundo wa Good Times wa bendi ya Chic. Hiyo ni disko, jamani! Disko ileile ambayo leo mtoto akichana juu ya biti ya kuchezeka mnamwambia amepotea. Roxanne Shanté, rapa wa kike, aliporekodi Roxanne's Revenge, ule wimbo wake wa kujibu mapigo, mwaka 1984 alikuwa na miaka 14. Angesimama kwenye duara lenu angefika ubeti wa pili?

Najua kuna atakayekuja kuniambia kwamba hata Herc alikuwa akiloweka rekodi kwenye maji ili abandue lebo, wapinzani wasijue anapiga nini. Ni kweli. Lakini aliwaficha madijei wenzake jina la rekodi, hayo yalikuwa mashindano ya kazi. Muziki wenyewe aliufungulia kwa maspika makubwa, mwenye sikio asikie.

Sipingi maarifa. Tunasema maarifa ni nguzo ya tano ya hip hop, baada ya kuchana, udijei, kudansi breki na grafiti, na mimi naiamini nguzo hiyo kwa moyo wote. Hizo albamu za zamani mnazotamba nazo mimi sikuzaliwa nazo kichwani. Kuna kaka mmoja alinikalisha chini, akanipa sikio moja la hedifoni, yeye akabaki na lingine, akawa ananishika bega kila sampuli, yaani kipande kilichochukuliwa kwenye rekodi nyingine, inapoingia: "Umesikia hapo? Sikiliza tena." Usiku mzima. Hakuniuliza swali hata moja la kunikomoa. Mwenye maarifa anakaa na mtu hivyo. Mlichofanya nyinyi ni kumwaibisha mtoto wa watu mbele ya kadamnasi ili mjione wakubwa, na wengine mliosimama pembeni mkacheka, mkiwemo watu ninaowaheshimu.

Jumamosi hii nimemuuliza kama tunaenda. Amesema ana kazi za shule. Hana kazi za shule, namjua.

Wewe uliyeinua mkono, unajijua na najua unasoma hapa. Mtafute umwombe radhi, palepale kwenye duara, mbele ya walewale waliocheka. Na biti irudishwe pale ilipokatwa, maana ubeti wake wa pili hamjausikia.