UKOO WA NGAMIANI (kikundi)

Mwanahawa 19:02
Asalaam alaykum. Jumapili saa kumi alasiri, barazani kwa Bi Mkubwa. Kila mtu aje na kitabu cha zamani cha vituko, tuwasomee watoto. Nani yupo?

Mwanahawa 19:40
Mbona kimya? Tiki za bluu naziona.

Chande 20:15
Kuna ubwabwa?

Zuhura 20:16
😂😂

Mwanahawa 20:18
Chande! Watoto ukiwatajia Bwana Msa wanauliza anakaa mtaa gani.

Zuhura 20:19
Ndo yule wa kiko?

Mwanahawa 20:22
Huyohuyo, mpelelezi wa hadithini, na Najum rafiki yake. Kamtunga Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58, kikachapwa 1960. Na Shaaban Robert mnamjua mashairi tu, nani kasoma Adili na Nduguze? Ndugu wawili wanamtosa mwenzao baharini kwa wivu, jini anawageuza manyani, na Adili analazimishwa kuwachapa kila usiku!

Chande 20:23
Kwetu hapa manyani ni kina nani? 🐒

Mjomba Hamisi 20:31
Wapo. Vitabu vyote vilikuwa kwenye sanduku la bati la shemeji. Mwenyewe aliniahidi mimi. Waliolibeba siku ya arobaini wanajijua.

Chande 20:32
Haya, tumeanza

Mwanahawa 20:33
Mjomba, tafadhali, si leo.

Zuhura 20:35
Mie kurasa za Kisima cha Giningi nilifungiwa karanga kule sokoni. Nikazisoma nimesimama, utamu ulipoanza karanga zikaisha 😭

Mjomba Hamisi 20:36
Unaona sasa! Zimetoka wapi?

Bi Mkubwa 21:10
Naandika mjukuu, bibi anasema hivi: Sanduku liko uvunguni kwangu, nililisogeza mwenyewe. Marehemu alikuwa akinisomea umeme ukikatika. Anayekuja kusoma karibu, anayekuja kugombana abaki kwake. Hamisi usilale hujanipigia.

Mjomba Hamisi 21:48
Nimesikia, dada.

Mwanahawa 21:50
Kwa hiyo saa kumi?

Zuhura 22:05
Jumapili nina harusi ukweni. Wiki ijayo haiwezekani?

Chande 22:06
Mie nina mechi. Ila ubwabwa mniwekee

Mwanahawa 22:09
Nani ana mkeka mkubwa?

Mwanahawa 22:41
Jamani?