Unabonyeza "Ongeza bidhaa", mstari hautokei, kosa halitajwi: Swing na wanaoifundisha wamenichosha

Wakuu habari za humu ndani. Leo nimekuja na hasira na sitaificha.

Nimekabidhiwa programu ya ankara ya duka moja la jumla. Imeandikwa kwa Java, dirisha zima ni Swing (maktaba ya Java ya kutengenezea madirisha na vitufe), na aliyeiandika aliondoka kitambo. Keshia akibonyeza "Ongeza bidhaa" unatakiwa utokee mstari mpya wenye jina la bidhaa, idadi, bei na kitufe cha kufuta. Hautokei. Anabonyeza tena, kimya. Anabonyeza na kubonyeza, mteja kasimama mbele yake na katoni za sabuni zinasubiri kupakiwa. Halafu anavuta ukingo wa dirisha kidogo tu, na mistari yote inamwagika kwa mkupuo, pamoja na ile iliyotokana na kubonyeza kwa kukata tamaa. Anaanza kufuta mmoja mmoja huku foleni ikinung'unika. Aliniambia, "Kaka, hiki kitu kinanifanya nionekane sijui kazi." Iliniuma, maana dada wa watu kazi anaijua vizuri sana.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hakuna kosa lolote linaloandikwa popote. Ukiita add, agizo la kuongeza kitu, kwenye paneli ambayo tayari iko kwenye skrini, Swing inakipokea kijenzi chako (kitufe, kisanduku au paneli nyingine), inakiingiza kwenye orodha yake, inaweka alama kwamba mpangilio umepitwa na wakati, basi. Haipangi chochote. Anayegawa nafasi na ukubwa ni meneja wa leiauti, na mpaka aitwe, mstari wako mpya una upana sifuri na kimo sifuri. Upo ndani ya paneli lakini hauna hata pikseli moja. Ukivuta dirisha, fremu inalazimika kujipanga upya, ndiyo maana vitu vinaibuka. Dawa ni kuita revalidate (panga upya) baada ya add, kisha repaint (chora upya). Ukiondoa kitu, repaint usiiache kabisa, la sivyo picha ya zamani inabaki imeganda pale.

Nyaraka za Java zinasema wazi kwamba kontena likishaonyeshwa, lazima mpangilio uhakikishwe upya ndipo kijenzi kilichoongezwa kionekane. Lakini maktaba hii imetoka na Java 1.2 mwaka 1998! Miaka yote hiyo, hata onyo la mstari mmoja kwenye konsoli hakuna? JavaFX, maktaba nyingine ya madirisha ya Java, inajipanga yenyewe ukiongeza kitu. Tkinter, ya madirisha ya Python, ukichanganya pack na grid (njia zake mbili za kupanga vitu) ndani ya mzazi mmoja, inakukatalia papo hapo na inakueleza kwa nini. Huo ndio uungwana.

Sasa niwaambie nilichokuta kwenye hii kodi (code, maandishi ya programu). Sehemu moja fremu inaongezwa pikseli moja kisha inarudishwa, ili dirisha "lishtuke". Sehemu nyingine dirisha linafichwa na kuonyeshwa tena kwa setVisible. Dirisha linapotea na kurudi, mshale unahamia kisanduku cha kwanza, na skana ikisoma bidhaa inayofuata, namba zinaingia kwenye jina la mteja. Ankara imetoka imeandikwa namba ndefu pale panapotakiwa jina la mtu! Na majibu ya namna hii bado yanatolewa kila siku mtandaoni, mtu anaandika "weka setVisible itakubali", anaondoka, na wanaomshukuru wanaibandika kwenye programu za watu.

Halafu setLayout null, yaani kumkataa meneja wa leiauti kabisa. Hapa ndipo nawashikia shingo wanaofundisha. Somo la kwanza kabisa mtoto anaambiwa aweke null ili kila kitu akiweke anapotaka, apige hesabu za setBounds (nafasi na ukubwa) kwa mkono. Kwenye hii programu kila mstari umeshushwa kwa hesabu ya namna hiyo. Matokeo yake, mistari ikijaa, mingine inazama chini ya dirisha na JScrollPane, paneli ya kuskroli, haiskroli, kwa sababu bila meneja wa leiauti paneli haijui ukubwa wake imekuwa kiasi gani. Bidhaa zimo kwenye jumla, mteja anadaiwa, lakini keshia hazioni.

Wengine wanafundisha kwa kuburuta vitu kwenye NetBeans (programu ya kuandikia Java) peke yake. Inaandika GroupLayout, aina ya meneja wa leiauti, ndani ya initComponents, sehemu iliyofungwa usiiguse, na mwanafunzi anamaliza chuo hajawahi kuandika leiauti hata moja kwa mkono wake. Akitakiwa kuongeza mstari programu ikiwa inakimbia, hana pa kuburuta. Na hapo hata aite revalidate mpaka asubuhi, mstari hautaonekana, kwa sababu GroupLayout inapanga vile tu vilivyoandikishwa kwenye makundi yake ya mlalo na ya wima. Nani anamwambia hilo? Hakuna. Anaambiwa Java ni ngumu, anaamini, anaacha.

Mtakaokuja na JTable, jedwali la Swing, nakubaliana nanyi kwa ankara ya kawaida. addRow ya DefaultTableModel (inayoshika data ya jedwali) inaongeza na jedwali linajichora lenyewe. Hapa kila mstari una orodha ya vipimo, punguzo na vitufe vyake, na mwenye duka hataki sura ibadilike.

Nilichofanya ni hiki. Kila mstari ni JPanel yake, kitu kipya kila mara, maana kijenzi kimoja hakiwezi kuwa na wazazi wawili, ukikiongeza kwingine kinahama. Mistari inakaa kwenye paneli ya BoxLayout ya wima (inayopanga vitu kimoja chini ya kingine), na hiyo paneli nimeiweka upande wa NORTH, yaani juu, wa paneli nyingine ya BorderLayout iliyo ndani ya JScrollPane, ili mistari isitanuke kujaza dirisha. Baada ya add naita revalidate na repaint, halafu kuskroli hadi mstari mpya nakuweka ndani ya invokeLater (ifanyike baadaye kidogo), kwa kuwa revalidate haipangi palepale, inaweka kazi ya kupanga kwenye foleni. Bei zinazotoka kwenye hifadhidata zinasomwa na SwingWorker, inayofanya kazi pembeni dirisha lisigande, na kuongeza vijenzi kunafanyika kwenye thredi (mkondo wa kazi) ya Swing yenyewe.

Mstari sasa unatokea pale pale. Lakini bado nina hasira. Mlio na video za null na setVisible, zifuteni au mzirekebishe, kuna watu wanauzia wateja kwa kodi mnayowafundisha. Na mwenye njia safi zaidi ya hii aweke hapa kodi nzima inayokimbia, si kipande.