Siku tatu Lisbon: nianzie wapi katika mji wa kale, na goti langu likiwa hivi?

Mhasibu wa Makole

Ndugu zangu, habari za kazi. Mwezi wa Novemba ofisi yetu inanipeleka Lisbon, Ureno, kwenye mafunzo ya siku tano, na kwa jinsi tiketi ilivyokatwa nitabaki na siku tatu zangu mwenyewe: Jumamosi, Jumapili, na Jumatatu hadi jioni. Visa ninayo, bima ninayo, na malazi yamekwisha kulipiwa, kwa hiyo hayo sihitaji kushauriwa. Ninachotafuta ni ushauri juu ya mji wa kale.

Mwenzangu ofisini, ambaye amefika miji miwili mitatu ya Ulaya, ameniambia nisijisumbue kwa kuwa yote ni ile ile: kanisa kubwa, uwanja wenye sanamu ya mfalme juu ya farasi, na maduka yanayouza sumaku za kubandika kwenye friji. Sikubaliani naye, lakini sina hoja ya kumjibu, na sipendi kurudi Dodoma nikiwa na picha mia mbili ambazo sitaweza kumweleza mtu zinahusu nini.

Jambo la pili ni goti langu la kushoto. Limezoea barabara tambarare za Makole, na nasikia Lisbon imekaa juu ya vilima saba. Nianzie wapi, nipande vipi, na kipi nikiache bila majuto?

Msomi wa Nkuhungu

Dada, niliishi Lisbon miaka miwili nikisoma, na nakuhakikishia kwamba vilima havikuzidishwa katika masimulizi. Hata hivyo wenyeji nao wana magoti, na ndiyo maana mji umejaa njia za kupandia zisizo ngazi.

Anzia Baixa, yaani mji wa chini, ambao ni tambarare kabisa na umenyooka kutoka uwanja wa Rossio hadi mto Tejo. Ukitaka kupanda kwenda Chiado upande wa magharibi, usipange foleni kwenye lifti ya chuma ya Santa Justa ya mwaka 1902, ambayo ni nzuri kuitazama lakini foleni yake hula nusu ya asubuhi. Ingia kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Baixa-Chiado kana kwamba unasafiri, panda ngazi za umeme zilizopangana moja baada ya nyingine, nawe utatokea juu karibu na mikahawa. Ukitaka kwenda upande wa mashariki, kwenye ngome ya São Jorge, ipo lifti ya umma isiyolipiwa katika mtaa wa Rua dos Fanqueiros, ndani ya jengo ambalo ungelipita ukidhani ni makazi ya watu. Itakupunguzia sehemu mbaya ya mlima, ingawa mwisho bado utatembea kidogo.

Tramu namba 28, ile ndogo ya njano inayopita vichochoro vya Alfama, panda asubuhi mapema au usiipande. Kufikia saa nne asubuhi imejaa watalii, na vibaka wa humo ni hodari. Mkoba uwe mbele yako. Nunua kadi ya kuchaji kwenye kituo, kwa sababu tiketi anayokukatia dereva ni ghali zaidi.

Kuhusu viatu nitasema kwa msisitizo, maana niliwahi kuanguka mbele ya darasa zima. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo hadi vikang'aa, na Novemba ni mwezi wa mvua. Vaa viatu vyenye soli ya mpira inayoshika. Hotelini au mgahawani, mkate na zeituni watakazokuwekea mezani kabla hujaagiza si takrima; ukizila utazikuta kwenye bili, na ukizikataa hakuna atakayekununia.

Samaki wao mkuu, bacalhau, ni mkavu wa chumvi kama ng'onda wetu. Utamzoea.

Mwalimu Mstaafu, Kongwa

Mwanangu Mhasibu, nilifundisha historia kwa miaka mingi, na nilifika Lisbon mwaka 2017 kumtembelea binti yangu. Hoja ya kumjibu mwenzako ofisini ninayo, na iko katika nyumba ya makumbusho ambayo watalii wengi hawaifiki, iitwayo Museu Nacional de Arte Antiga, katika mtaa wa Rua das Janelas Verdes, magharibi kidogo ya mji wa kale.

Humo imo monstransi ya dhahabu, ile ya kuonyeshea Ekaristi, yenye mitume kumi na wawili waliopiga magoti. Mfalme Manuel wa Kwanza aliiagiza kwa ajili ya monasteri ya Jerónimos, na mfua dhahabu anayetajwa kuwa ndiye aliyeitengeneza ni Gil Vicente. Ilikamilika mwaka 1506. Sasa swali ambalo ningewauliza wanafunzi wangu ni hili: dhahabu ilitoka wapi? Ilitoka kwetu. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alifika Kilwa na meli zenye mizinga akamlazimisha mtawala wake kulipa kodi ya dhahabu, na mwaka uliofuata alirudi nayo Ureno. Mwaka 1505 kundi jingine la meli, likiongozwa na Francisco de Almeida, liliupora mji huo wa Kilwa. Yaani wakati fundi anakamilisha kazi yake Lisbon, mji uliotoa dhahabu ulikuwa umekwisha kuporwa. Haya hayahitaji kubahatishwa, kwa sababu maandishi yaliyochongwa kwenye kitako cha monstransi yenyewe yanaitaja Kilwa kwa jina. Aliyetuongoza siku ile alisimama mbele yake akatueleza habari za ufundi na rangi kwa dakika kumi, na jina la Kilwa hakulitamka hata mara moja. Nililitamka mimi, na kwa sauti ambayo binti yangu aliiona kubwa mno.

Jambo la pili liko ndani ya mji wa kale wenyewe, nalo linatugusa sisi wa mkoa wa Dodoma kuliko Watanzania wengine. Juu ya Rossio kuna uwanja mdogo wenye miti uitwao Largo do Carmo. Tarehe 25 Aprili 1974, askari walioasi, wakiongozwa na kapteni Salgueiro Maia, waliizingira kambi iliyopo hapo, ambamo waziri mkuu Marcelo Caetano alikuwa amejificha, na kabla ya usiku akasalimu amri. Watu waliwapa askari maua mekundu ya karnesheni, wakayachomeka kwenye mitutu ya bunduki. Askari hao walikuwa wamechoshwa na vita vya Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau, vita ambavyo wapiganaji wake wa upande wa pili, wakiwemo wa FRELIMO, tuliwahi kuwa nao hapa Kongwa kambini katika miaka ya 1960. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mimi nilikaa kwenye benchi la uwanja ule karibu saa nzima, nikifikiria jinsi ambavyo kambi yetu ya vumbi na uwanja ule wa kivuli vilikuwa ncha mbili za kamba moja. Uwanja una benchi za kutosha na goti lako litashukuru.

Usiende makumbusho Jumatatu, siku hiyo hufungwa, na monasteri ya Jerónimos pia.

Binti wa Kondoa

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwa heshima na sipingi lolote ulilolieleza, lakini naomba dada yetu asiingie Lisbon kama mkaguzi wa hesabu aliyekwenda kudai deni tu, ingawa kazi yake inamruhusu. Mimi ni afisa mipango miji, na kwa macho yangu jambo kubwa kuliko yote pale ni kwamba mji wa chini wote ulikufa ukazaliwa upya.

Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, muda wa saa tatu na nusu hivi asubuhi, watu wakiwa makanisani na mishumaa ikiwaka, tetemeko kubwa liliangusha Lisbon. Walionusurika wakakimbilia ukingoni mwa mto ambako hapakuwa na kuta za kuwaangukia, na huko mawimbi ya bahari yakaupanda mto yakawafuata. Kisha moto ukawaka kwa siku kadhaa. Mfalme José wa Kwanza hakudhurika, lakini aliogopa kuta za mawe, akahamia kwenye majengo ya mbao na mahema kilimani Ajuda. Kazi ya kujenga aliiachia waziri wake, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal.

Hapo ndipo ninapomwomba dada atazame kwa makini. Mitaa ya Baixa imenyooka na kukatana kama daftari la hesabu, na mingi ina majina ya mafundi na bidhaa: mtaa wa dhahabu, mtaa wa fedha, mtaa wa washona viatu. Ndani ya kuta za nyumba hizo walificha fremu ya mbao iliyofungwa kwa mihimili ya mshazari, wakaiita gaiola, yaani kizimba, ili ardhi ikitikisika mbao zicheze na nyumba isimame. Inasimuliwa kwamba waliijaribu kwa kuwaamuru askari wapige kwata kuizunguka. Sisi wa Dodoma, ambao si wageni wa mitikisiko ya bonde la ufa na ambao tangu uamuzi wa mwaka 1973 tumekuwa tukipimiwa mji mkuu juu ya karatasi, tuna sababu ya kusimama katika mtaa ule na kuuliza nani aliamua upana wa barabara.

Sanamu ya mfalme juu ya farasi ipo kweli, katikati ya uwanja wa Praça do Comércio ulio wazi kuelekea mtoni. Mfalme huyo ndiye yule aliyeogopa kulala ndani ya mawe. Mwambie mwenzako.

Baada ya Baixa nenda Alfama, ambayo tetemeko halikuiharibu sana na ambayo jina lake lina asili ya Kiarabu, kama ilivyo kwa vigae vyao vya kuta, azulejo. Vichochoro vyake vinapinda bila utaratibu wowote. Ukiviona viwili hivi siku moja, mpango wa mji na mji usio na mpango, utakuwa umeona mengi kuliko anayefukuzia makanisa kumi. Ila kanisa la São Domingos, karibu na Rossio, usilipite. Liliungua mwaka 1959, na nguzo zake zimeachwa na alama za moto, nyekundu na zimebanduka.

Mhasibu wa Makole

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Nimepanga hivi: Jumamosi makumbusho ya Janelas Verdes asubuhi, kisha tramu hadi monasteri ya Jerónimos, Jumapili Baixa na Carmo kwa ngazi za umeme, Jumatatu Alfama polepole, nikianza kwa ile lifti ya bure. Ngome nitaitazama kutoka chini.

Mwalimu, sijui hata neno moja la Kireno. Maandishi ya kwenye kitako nitayatambuaje, nisije nikasimama mbele yake kama yule aliyewaongoza?

Mwalimu Mstaafu, Kongwa

Marahaba mwanangu. Kireno unakijua kuliko unavyodhani. Bendera, meza, leso na gereza vyote vilitoka kwao, na hilo la mwisho kwao ni kanisa. Zunguka kabati la kioo taratibu, uiname kidogo kwa goti zima, ufuate herufi zinazozunguka kitako hadi ukute QILVA, ndiyo Kilwa. Hiyo V isome U.