Re: Bibi ninayemhudumia anataka nimpeleke okestra, navaaje?

Kutoka: Dada wa Slough

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari za kazi. Samahanini swali langu leo si la viza wala la nyumba. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani na kuna bibi mmoja ana miaka 86, kichwa chake kizima kabisa miguu tu ndo imegoma, sasa anataka kununua tiketi mbili za Proms, yale matamasha ya okestra ya kila mwaka, pale Royal Albert Hall London mwezi wa nane na anasema mi ndo nimsukume kwenye kiti chake, ujanani alikuwa haikosi kila mwaka. Mimi okestra ninayoijua ni Mlimani Park, ambayo unaenda na viatu vya kuchezea. Navaaje? Nasikia ukikohoa ukumbi mzima unakugeukia. Na bibi kaniambia kitu kimoja tu, itapigwa simfoni ya sita ya Tchaikovsky, mtunzi wa Kirusi, nisipige makofi kabla ya wakati. Wakati wenyewe ndo upi sasa?

Kutoka: Mama wa Leicester

Mdogo wangu kabla ya nguo, je ofisi yako inajua? Tiketi kutoka kwa mteja ni zawadi, na makampuni mengi ya kazi yetu yana masharti makali kwenye zawadi. Mwambie meneja kwa maandishi, email sio simu, na kama unaenda ndani ya zamu iandikwe kwenye daftari la bibi. Mi nilipewa skafu tu ya Krismasi nikaitwa kikao. Alafu mwambie bibi asinunue bei kamili haraka haraka, kumbi nyingi huku zina punguzo kwa mwenye kiti cha magurudumu na kwa anayemsindikiza, wapigie simu box office, wauza tiketi wa ukumbi, kwanza, onlaini mara nyingi hutaiona.

Kutoka: Mzee wa Reading

Marahaba mwanangu. Nguo usijiumize kichwa. Proms watu wanakuja na kaptula, na mabegi ya mgongoni, wametoka kazini moja kwa moja, na mwezi wa nane ule ukumbi unapata joto kama chumba cha mabati saa saba mchana, kwahiyo vaa chepesi na beba maji. Ile picha tuliyonayo ya wanaume wa tai nyeusi na wamama wa lulu ni ya Glyndebourne huko mashambani Sussex, wanakoenda kusikiliza opera na vikapu vya chakula, katikati wanatoka kula kwenye majani wee mpaka wanashiba ndo wanarudi. Huko hata mimi sijafika.

Proms yenyewe ilianzishwa 1895 kusudi watu wa kipato cha chini waingie. Robert Newman, meneja wa ukumbi ulioitwa Queen's Hall, alimchukua kijana Henry Wood aongoze okestra, kiingilio kikawa shilingi moja, unasimama, unakula, unavuta na sigara yako ukitaka. BBC wakaichukua 1927, Mjerumani akaupiga bomu ule ukumbi 1941, ndo wakahamia Albert Hall. Na mpaka leo pale katikati, mbele kabisa, hakuna viti, watu wanasimama kwa kama pauni 8, tiketi zinatoka asubuhi ya siku hiyo hiyo. Mimi kwa hiyo hela nshasimama hatua tano kutoka kwa kondakta, yule anayeongoza okestra, na wenye viti vya bei mbaya wote wako nyuma yangu. (Kondakta wa huku hapigi bati wala hadai nauli, ila na yeye anasimama safari nzima.)

Sasa makofi. Okestra ikishakaa utasikia sauti moja ndefu, wengine wote wanaifuata, hapo wanapatanisha vyombo tu, hawajaanza. Simfoni ni kipande kimoja chenye sehemu, mara nyingi nne, na kati ya sehemu na sehemu kunakuwa kimya kidogo, watu wanakohoa wote kwa pamoja utadhani wodi ya kifua, hapo na wewe kohoa ya kwako umalize, lakini makofi hapana. Na hiyo ya sita ya Tchaikovsky ni mtego mwanangu, bibi kakuonya vizuri. Sehemu ya tatu inaisha kwa kishindo, ngoma, matarumbeta, mwili wenyewe unataka kuinuka, na wengi wanaingia mkenge hapo. Bado moja! Ya nne ni kama msiba, inazimika pole pole mpaka besi zinabaki peke yake na hujui imeisha saa ngapi. Aliiongoza mwenyewe St Petersburg 1893 na siku tisa baadae akafa. Wewe usihesabu, angalia mikono ya kondakta, ikiwa bado iko hewani na wewe ya kwako weka mapajani.

Njia: Slough pandeni treni ya Elizabeth line mpaka Paddington, lifti zipo, pale chukueni taksi nyeusi maana zote zinapakia kiti cha magurudumu. Msishuke South Kensington kama ramani inavyowaambia, pana ngazi mtateseka.

Kutoka: Mwana wa Unguja, sasa Cardiff

Kwetu taarabu ikinoga unainuka na noti yako, unakwenda mpaka mbele unamtunza mwimbaji, unarudi unacheza. Huko ukiinuka na noti ya pauni 10 utasindikizwa mlangoni na walinzi wawili. Dada yangu, kaa tu.

Kutoka: Kaka wa Croydon

Mzee heshima yako ila mbona hujamwambia habari ya usiku wa mwisho? Hiyo Proms ya kwenye TV ambayo watu wanapepea bendera na kuimba Rule, Britannia! kwamba Britania itawale mawimbi na Waingereza hawatakuwa watumwa kamwe, wimbo wa 1740, wakati meli zao wenyewe zimejaa watu wetu. 2020 BBC walisema wataupiga bila maneno, nchi nzima ikawaka, mpaka waziri mkuu akaongea, wiki mbili hazijaisha wakabadilisha wakaleta wanakwaya wachache waimbe ndani ya ukumbi mtupu wa korona. Mi siendi pale, nasema ukweli. Ofisini kwangu wakiniuliza nawaambia ninaosha nywele na kichwa chenyewe sina hata unywele.

Kutoka: Mwana wa Unguja, sasa Cardiff

Hao watawala wa mawimbi sisi tulishawaona tarehe 27 Agosti 1896, walipiga mizinga kasri la sultani na chini ya saa moja mambo yakawa yamekwisha. Mimi huo usiku wa mwisho naangalia, lakini na chai yangu na roho yangu.

Kutoka: Mzee wa Reading

Kaka wa Croydon hukukosea, lakini usiku wa mwisho ni usiku mmoja kati ya wiki nane, zile nyingine zote watu wanakuja kusikiliza tu na bendera huioni. Alafu wewe unaishi Croydon na hujamtaja mtu wa kwenu! Samuel Coleridge-Taylor, kazaliwa London 1875, baba yake daktari wa Sierra Leone, mama Mwingereza, kakulia hapo hapo Croydon. 1898 akatoa muziki wa kwaya na okestra juu ya harusi ya Hiawatha, shujaa wa hadithi wa wenyeji wa Amerika, ukawa kila chama cha kwaya nchi hii kinauimba, na yeye haki alikuwa ameuza kwa mchapishaji kwa gini 15 tu, hela ya zamani ya huku. Kafa 1912 ana miaka 37, familia haina kitu, na kisa chake ni moja ya mambo yaliyowasukuma wanamuziki kuunda chama cha kukusanya mirahaba 1914. Baadae hiyo Hiawatha ikawa inachezwa Albert Hall humo humo karibu kila mwaka mpaka 1939, mamia ya waimbaji wamevaa manyoya. Sasa niambie huo ukumbi ni wa nani.

Kutoka: Kaka wa Croydon

Napita karibu na mitaa yake kila siku na sikujua. Haya mzee, hapo umenifunga goli. Na kwa goli, ule wimbo wa Champions League si ndo umetolewa kwa Handel? Zadok the Priest, 1727, wanaimba kila mfalme wao akitawazwa, 1992 wakaugeuza wa mpira. Kwahiyo sote humu tunasimama kwa heshima ya muziki wa kizungu kila Jumanne na Jumatano tukiwa na bukta.

Kutoka: Mama wa Leicester

Naomba niingize la kwangu humu humu. Mwanangu wa miaka 8 kashikwa na fidla, mwalimu mmoja shuleni kwao akaniambia eti labda ngoma zingemfaa zaidi. Nilimwangalia mpaka akatazama chini. Sasa nataka kumnunulia, nimeona moja onlaini ya pauni 45, ninunue?

Kutoka: Kaka wa Croydon

USINUNUE dada. Binti yangu tulinunua kama hiyo, vigingi vinateleza, mtoto anajifunza kukaza nyuzi badala ya kupiga. Na fidla za watoto zina saizi, robo, nusu, robo tatu, anakua kama viatu, kwahiyo azima au kodi. Uliza huduma ya muziki ya kaunsili yenu au music hub, wana vyombo na kuna nafuu kwa wenye kipato kidogo lakini hawatakuambia mpaka uulize. Akikomaa mnunue kupitia shule, kuna utaratibu wa kutolipa VAT. Mitihani yao inaitwa grade, 1 mpaka 8, na kuanzia 6 inampa pointi za UCAS za kuingia chuo, wenzetu wanaijua hiyo siri toka mtoto yuko chekechea. Na huyo mwalimu mwonyeshe Sheku Kanneh-Mason wa Nottingham, hapo jirani yenu tu, kijana mweusi mpiga chelo, ile fidla kubwa ya kupiga umekaa, aliyeshinda mashindano ya BBC Young Musician 2016. Mwonyeshe na Chineke!, okestra aliyoianzisha Chi-chi Nwanoku 2015, mama ambaye baba yake ni Mnigeria, na mwenyewe anapiga besi, fidla ya sauti nzito ndefu kuliko yeye.

Kutoka: Mzee wa Reading

Nyie mnaongelea kusikiliza, mimi nawaambia imbeni. Miaka kumi na moja niliishi mtaani kwangu, jirani wa kushoto "morning", wa kulia "morning", basi. Kilichonifungulia mlango ni kwaya. Kila mji wa huku una chama cha kwaya, watu wa kawaida, wastaafu, manesi, walimu, wanaimba Messiah ya Handel karibu na Krismasi kama sisi tunavyokula pilau. Nilienda nikijiamini, nimeimba sauti ya nne Kilutheri Moshi toka kijana, Haleluya naijua kwa Kiswahili kwa moyo. Wakaniuliza unasoma muziki? Nikasema ndiyo. Nikapewa kitabu, nafungua, mistari mitano na viluwiluwi vimetapakaa, hakuna d hakuna r hakuna m! Nikachukua penseli nikaanza kuandika solfa yangu, ile ya do re mi kwa herufi, juu ya mistari, d, nukta mbili, s, nukta mbili, polepole. Mama mmoja wa Kiingereza pembeni yangu akachungulia akaniuliza hiyo ni lugha ya siri? Nikamwambia mama hii ni mali yenu, aliianza mwalimu Sarah Glover kule Norwich, mchungaji John Curwen akaieneza karne ya 19, wamisionari wakatuletea, nyie mmeiacha njiani sisi bado tunayo. Hakuamini. Wiki ya pili kaja na kitabu cha nyimbo cha bibi yake, solfa tupu! Toka siku hiyo anakaa nami, Krismasi nakula kwao.

Na tulipofika Haleluya kwenye tamasha ukumbi mzima ukasimama. Wanasema ni Mfalme George wa pili alisimama ndo ikawa desturi, wanahistoria ushahidi hawajauona, lakini Moshi pia tulikuwa tunasimama na hatukumuuliza mtu kwa nini.

Kutoka: Dada wa Slough

Wapendwa nimerudi kutoa ripoti. Meneja alikubali kwa maandishi, asante mama wa Leicester. Taksi nyeusi, sawa kabisa. Piano ilipofunguliwa mfuniko wale wanaosimama chini wakaguta "heave!" na wa juu kabisa wakajibu "ho!", nikajua nimefika ufukweni wavuvi wanavuta jarife. Mapumziko bibi akaninunulia aiskrimu ya kikopo, kijiko kimefichwa kwenye kifuniko.

Basi ikaja hiyo ya sita. Sehemu ya tatu ikaisha kwa kishindo kama mzee alivyosema na nusu ya ukumbi ikalipuka makofi. Mi nimebana mikono katikati ya magoti, najisikia msomi. Nageuka namwona bibi anapiga makofi kwa nguvu zote! Namnong'oneza bado moja, akanijibu kwamba anajua, ila kwa umri wake hasubiri tena. Ile ya nne ilipozimika kondakta alibaki mikono juu na watu maelfu hakuna aliyepumua, hata kikohozi, mpaka akaishusha.

Mzee, hiyo kwaya yenu ni siku gani? Niliimba sauti ya pili Mbeya, na solfa ninayo. Jumatatu zamu yangu inaisha saa kumi na mbili.

Kutoka: Mzee wa Reading

Ni hiyo hiyo Jumatatu, saa moja na nusu usiku, treni ya Slough unawahi. Hakuna mtihani wa kuingia, wiki mbili za mwanzo hulipi. Kitabu utaazimwa. Njoo na penseli, kalamu ya wino hawataki kuiona.