Helmeti inanyanyuka nikikimbia, naomba ushauri
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Napiga Arusha–Moshi na pikipiki mara kwa mara, mjini helmeti imetulia ila nikishapita Usa River nikagusa 80 upepo unainyanyua kamba inanikaba koo, na ule uwazi wa KIA (uwanja wa ndege) mpaka Boma Ng'ombe basi likinipita ndo kabisa kichwa kinayumba. Ni ya kufunika uso wote, saizi L, mashavuni inacheza lakini paji la uso linauma, hapo ndo sielewi. Kamba nimekaza, sponji nimeongeza, wapi. M nilijaribu dukani ikabana mashavu, muuzaji anasema itazoea (wauzaji nao!).

Je, sponji za M kweli zinalegea na matumizi, au kichwa changu kinataka umbo lingine? Na Arusha hapa duka gani wanakuachia uvae hata dakika kumi kabla hujalipa?